Uliza Kocha: Georgetown imekuwaje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Baba yangu ni shabiki wa marehemu Dikembe Mutombo, yule mchezaji wa kikapu, na akishamtaja lazima akitaje na chuo chake cha Georgetown. Anasema zamani walitetemesha Marekani nzima. Mimi kila nikiangalia matokeo yao naona wanashika mkia. Baba anatia chumvi, au kuna jambo lilitokea? Na watarudi kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako hatii chumvi hata chembe. Kati ya 1982 na 1985 chuo hicho cha Washington kilicheza fainali tatu za kikapu za vyuo vikuu. Ya 1982 waliikosa kwa pointi moja, 63 kwa 62, na mtupo uliowaua ulikuwa wa kijana Michael Jordan. Mwaka 1984 wakaifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75. Katikati ya uwanja alikuwepo Patrick Ewing. Pembeni, taulo jeupe begani, alikuwepo John Thompson, kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa huo.

Ila ukitaka kujua kwa nini wameanguka, achana na vikombe kwanza, ingia ofisini kwa Thompson. Mle aliweka mpira uliotolewa upepo. Kijana akiingia anauona, na swali analielewa: upepo wa mchezo ukiisha, wewe unabaki na nini? Waliocheza kwake miaka yote minne walikuwa 78, na 76 kati yao walihitimu. Mutombo alifika 1987 akitaka kusomea udaktari, Kiingereza kikimpiga chenga. 1991 akaondoka na shahada ya isimu na diplomasia. Januari 1989 wakuu wa michezo ya vyuo walipopitisha sheria ya kuwanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama, wengi wao weusi na maskini, Thompson alitoka uwanjani kabla ya mechi na Boston College kuanza, mbele ya umati. Kocha wa namna hiyo, mzazi anamkabidhi mwanawe bila wasiwasi.

Kwa hiyo vijana walikaa. Ewing alimaliza miaka minne wakati NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilikuwa inamsubiri kwa hamu. Ule ubanaji wao wa uwanja mzima, ulioharibu pasi za kila mtu, haufundishwi kwa miezi sita. Unatoka kwa watu waliozoeana. Allen Iverson ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa Thompson kukatisha masomo kwenda NBA, mwaka 1996.

Thompson alijiuzulu 1999. Mwanawe, John Thompson III, aliwafikisha nusu fainali 2007, halafu 2013 wakatolewa na Florida Gulf Coast, timu ambayo wengi hawakuwahi hata kuisikia. Mwaka huohuo ligi yao ya Big East ikagawanyika, mahasimu wao Syracuse wakahamia ligi nyingine.

Akaletwa Ewing, 2017. Machi 2021 alitwaa kombe la Big East kwa kuizaba Creighton 73 kwa 48. Msimu uliofuata: mechi 19 za ligi, ushindi sifuri. Alifukuzwa 2023, na wengi wanamtwisha yeye mzigo wote. Mimi sikubali. Mwaka huo wa 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama chuo bila kukaa benchi msimu mzima, na kulipwa na wafanyabiashara wanaotumia majina yao. Qudus Wahab, yule mrefu wa Nigeria, alitoka kwenye ubingwa akaenda chuo cha Maryland, mwaka uliofuata akarudi, kisha akaondoka tena. Kocha gani atajenga ulinzi kwa watu wanaopishana mlangoni? Vyuo vingine navyo vimepata shida, lakini Georgetown waliumia zaidi kwa sababu kukaa pamoja ndiko kulikokuwa mtaji wao.

Kuhusu kurudi: Ed Cooley, kocha aliyemrithi Ewing akitokea chuo cha Providence, alianza kwa kushinda mechi 2 tu kati ya 20 za ligi. Msimu wa 2024-25 alimaliza na ushindi 18 na vipigo 16, nikapata matumaini. Kisha nguzo yake, Thomas Sorber, aliyekuwa mwaka wa kwanza, akaingia NBA, akachukuliwa na timu ya Oklahoma City, akiwa wa 15 kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya. Kijana simlaumu, riziki haikataliwi. Lakini mwambie baba yako kwamba nitaamini siku nitakapoona watatu kati ya watano wanaoanza wamebaki pale misimu mitatu mfululizo.