Mfumuko umeshuka "kwa" au umeshuka "hadi"?

SWALI: Niliandika habari yenye sentensi hii: "Mfumuko wa bei umeshuka kwa asilimia 4, hivyo bei zimepungua na mishahara imerudisha nguvu yake." Mhariri kairudisha, anasema ina makosa matatu. Mimi naona labda moja. Nieleweshe. Na je, tuandike fahirisi ya bei au faharasa ya bei?

JIBU: Mhariri wako hajakuonea. Tuanze na "kwa", maana hapo ndipo habari nyingi za uchumi huharibikia.

Chukua fahirisi ya kubuni, yaani namba inayoonyesha kimo cha bei kikilinganishwa na cha mwaka wa kuanzia, uitwao mwaka wa kizio. Mwaka wa kizio ni 100, mwaka unaofuata ni 125, wa tatu ni 130. Mfumuko wa mwaka wa pili ni asilimia 25. Wa mwaka wa tatu si asilimia 5, kama wengi wanavyotoa haraka haraka; ni asilimia 4, kwa kuwa hizo 5 zilizoongezeka hugawanywa kwa 125, si kwa 100. Basi mfumuko umeshuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 4. Ukitaka "kwa", sema umeshuka kwa pointi 21 za asilimia. "Hadi" huonyesha ulipofikia, "kwa" huonyesha ulichopungua, na kuvichanganya hivyo viwili ni kumpa msomaji habari nyingine kabisa. Mwenye kuandika "umeshuka kwa asilimia 4" anatuambia kwamba ulikuwa 25, sasa ni 24. Huo ndio ukarimu wa kwanza unaoweza kumfanyia msomaji: andika "kutoka" na "hadi" pamoja, hata kama nafasi ni finyu.

Kosa la pili ni hilo "hivyo bei zimepungua". Hazijapungua. Zilikuwa 125, sasa ni 130. Mfumuko ni kasi ya bei, si kimo chake. Maji yanayojaa polepole bado yanajaa, hayajaanza kupwa. Bei zikipungua kweli kwa ujumla, fahirisi yenyewe hurudi nyuma na mfumuko huwa chini ya sifuri. Kwa hiyo mfumuko unashuka au unapanda, bei nazo zinashuka au zinapanda, lakini vitenzi hivyo havifungwi kwenye kamba moja. Lililo salama ni kusema "kasi ya kupanda kwa bei imepungua". Ni refu, nakubali, lakini halidanganyi.

La tatu ni mshahara. Nguvu ya fedha hupimwa kwa kugawa, si kwa kutoa. Fahirisi ikitoka 100 kwenda 125, fedha ileile inanunua 100 kwa 125 ya ilichonunua awali, yaani asilimia 80. Bei zimepanda kwa asilimia 25, uwezo wa kununua umepungua kwa asilimia 20. Anayeandika 25 pande zote mbili amekosea. Sasa tuseme mshahara wa 100 uliongezwa kwa asilimia 10 mwaka huohuo: 110 gawa kwa 125 ni 0.88. Mwenye mshahara anapokea noti nyingi zaidi, na ananunua pungufu kwa asilimia 12. Mwaka wa tatu mfumuko unapotulia kwenye asilimia 4, hakuna kinachomrudishia. Ili afikie pale alipoanzia, mshahara ungepaswa kuwa 130. Neno "nguvu yake" likae tu pale ulipolinganisha ongezeko la mshahara na la bei. Na usiseme kwa mkato "thamani ya fedha imeshuka", kwani wengine watadhani unazungumzia viwango vya kubadilisha fedha za kigeni.

Fahirisi au faharasa? Yote mawili ni ya asili moja ya Kiarabu, na kamusi huyakaribisha. Matumizi, hata hivyo, yameyagawia kazi: faharasa imebaki nyuma ya kitabu, fahirisi imekwenda kwa wanatakwimu. Fuata mgawanyo huo. Lakini "farihisi", inayojipenyeza hata kwenye taarifa rasmi, ni ulimi tu ulioteleza. Wala usiandike "fahirisi imefika asilimia 130": 130 ni namba inayolinganishwa na 100 ya kizio, haina asilimia.

Hilo neno "mlaji" katika fahirisi ya bei za mlaji, ile inayopima mfumuko, lisikupeleke jikoni peke yake. Kikapu cha bidhaa na huduma kinachopimwa kina kodi ya nyumba, nauli, matibabu na ada pia, kila kitu kwa uzito wa sehemu yake katika matumizi ya kaya. Ndiyo maana kupanda kwa kitu kimoja, hata kiwe kinazungumzwa kila kona, huenda kusiutikise mfumuko wa jumla.

Kwa namba za mfano wetu, sentensi yako iwe: "Mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 4, bei zinaendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo zaidi." Kuhusu mishahara, subiri takwimu zake.