Tangi la naitrojeni lazima lipumue

Mwaka wangu wa kwanza kazini, asubuhi moja pale Uyole, nilimkuta kijana mwenzangu ameufunga mfuniko wa tangi la naitrojeni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ameuzungusha mara nne na kuukaza kwelikweli. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Tukuyu kuhimilisha ng'ombe wa maziwa, yaani kuwapandikiza mbegu za dume, ambazo huhifadhiwa zikiwa zimegandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu, "Kaka, si unaona moshi unavyotoka? Naitrojeni yenyewe inatoka mbali. Tukiiachia hivi itatuishia njiani."

Nikaona ana hoja, nikamsaidia kulipakia. Fundi mmoja mzee akatuona, akaja na kisu, akaukata ule ukanda bila kusema neno. Kisha akatukalisha chini. Aliyotuambia siku ile ndiyo ninayowaambia vijana ninaowafundisha leo.

Naitrojeni ndani ya tangi inachemka muda wote, kama maji ya chai jikoni, ila yenyewe huchemkia kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata tangi liwe zima vipi, joto kidogo hupenya. Lita moja ikigeuka gesi kwenye usawa wa bahari hujaza karibu lita 700. Kwetu Mbeya, mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo lita hiyohiyo hutoa gesi zaidi ya lita 800. Gesi hiyo ikinyimwa njia, presha hupanda bila kusimama. Chombo kilichojaa naitrojeni kikazibwa kabisa na kuachwa kipate joto la chumba kingeweza kufikia presha mara 300 na zaidi ya ile ya tairi la lori. Hakuna tangi la kuhimili hilo. Ndiyo maana mfuniko wa matangi yetu umetengenezwa ukae kwa kulegea. Na ule moshi unaowatia watu uchungu ni unyevu wa hewa ya nje uliokutana na baridi, wala si naitrojeni yenyewe. Tangi zima la lita 35 hupoteza chini ya robo lita kwa siku.

Januari 2006, kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja huko Texas, Marekani, mtungi mkubwa wa naitrojeni ulilipuka usiku na kutoboa dari. Huo ulikuwa wa aina inayofungwa, yenye vali za usalama. Uchunguzi ulikuta mtu alishaziondoa vali hizo zamani na kuweka vizibo vya chuma mahali pake. Huenda aliyefanya hivyo aliona vali inavuja, akataka kuokoa gesi. Mawazo yaleyale ya mwenzangu na tyubu yake.

Huku kwetu kuna kizibo kingine kisichowekwa na mtu: barafu. Miezi ya masika, ukungu wa Rungwe ukiingia shingoni mwa tangi kila unapolifungua, unyevu huganda pale kidogokidogo. Kagua shingo kila siku. Ukiona barafu imeanza kujikusanya, iondoe mapema kwa kijiti kikavu cha mbao, ukiwa umevaa kinga ya uso na glavu pana zinazochomoka haraka. Suruali ishuke nje ya buti, usiichomeke ndani, kwa sababu tone likiingia butini hukaa humo likiunguza.

Kupima kiasi kilichobaki, tumia rula ya mbao au ya plastiki nyeusi. Itumbukize hadi chini, isubiri kidogo, itoe na kuipunga hewani. Mstari wa theluji utakuonyesha kina. Usitumie bomba lenye tundu hata siku moja. Kimiminika huchemka ndani ya bomba na kuruka juu hadi usoni.

Barabara ya Isyonje kupanda Kitulo imenifunza mengine. Chombo cha ndani cha tangi kimening'inia kwenye shingo tu, na kati yake na ganda la nje hamna hewa. Likigongwa au kulazwa, shingo hupasuka na tangi hufa. Mimi huliweka ndani ya tairi kuukuu, wima, nikalifunga kwa kamba nyuma ya gari. Ukilikuta asubuhi lina jasho au theluji kwenye ganda la nje, jua utupu wake umekwisha. Hamisha mirija ya mbegu upesi kwenye tangi jingine, usisubiri ripoti.

Usilipakie kwenye kabini ukiwa umefunga vioo kwa sababu ya baridi. Mwili husikia kukosa pumzi pale kabonidayoksaidi inapojaa damuni. Naitrojeni hufukuza oksijeni unayoivuta bila kukupa dalili hiyo. Haina harufu, haikabi koo. Mtu anazimika huku akijiona yuko salama. Na ukimkuta mwenzako ameanguka kwenye stoo ya matangi, usikimbilie ndani. Fungua milango na madirisha, ita watu. Waokoaji wengi hufa wakiwa wa pili.

Jambo hilihili la kuacha njia nilikutana nalo tena kwenye mitungi ya kabonidayoksaidi. Watu wa Rungwe wanaijua gesi hiyo inavyotoka ardhini na kulala mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Ndani ya mtungi iko kama kimiminika, na geji haikuambii kiasi kilichobaki: presha hubaki ileile mpaka tone la mwisho ligeuke gesi. Pima mtungi kwa mzani. Kwenye karakana moja niliyofanya kazi, tulifunga koki mbili za mwanzo na mwisho wa mpira wa kujazia, kimiminika kikiwa kimejaa katikati, tukaenda kula. Jua likaupiga. Tuliporudi mpira ulikuwa umechanika, na koki ya mwisho ilikuwa imejibamiza ukutani kwa nguvu ya kutoboa tofali. Benchi la pale lilikuwa tupu kwa sababu tu ilikuwa saa ya chakula. Tangu siku hiyo sifungi koki ya pili kabla ya kutoa kilichomo katikati, na bomba lolote linaloweza kufungwa pande zote mbili nalidai vali yake ya usalama.



Yule mwenzangu sasa ni mhimilishaji mwandamizi. Mwaka jana mama mmoja wa Kiwira alimwambia, "Mwanangu, funika hilo dude vizuri, dawa inatoka." Akaliweka tangi chini, akavuta kigoda, akaanza kumweleza kuanzia maji ya chai.