Pakua au pakia? Jibu liko jikoni na bandarini

SWALI: Mwalimu, nina miaka 52, niko Morogoro, na mwaka huu nimeanza kujifunza kompyuta. Juzi nilikuwa namsaidia mwanangu kuomba chuo. Tovuti iliandika "Pakua fomu", na chini yake "Pakia cheti". Nikabofya hilo la pili, nikasubiri cheti kije. Hakikuja. Kijana wa steshenari yeye husema "kudanlodi" tu. Je, pakua na pakia yana tofauti kweli, au ni wataalamu tu wametutungia maneno? Na nywila ni nini? Kwingine naona nenosiri.

JIBU: Mama, tofauti ipo, na ni kubwa: moja linaleta, jingine linapeleka. Wala hayakutungwa. Umeyatumia maisha yako yote kabla kompyuta haijafika kwako.

Twende jikoni. Wali umeiva, umeshika upawa, unaita, "Leteni sahani nipakue." Chakula kinatoka kwenye sufuria ya wote kinakuja kwenye sahani ya mmoja. Ndivyo ilivyo kwa ile fomu. Ilikuwa kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza vitu vya chuo na kuwahudumia watu wengi kwa pamoja, wewe ukaipakua ikaja kwenye simu yako. Ila sufuria ya wali hupungua, na faili halipungui. Unachochukua ni nakala. Atakayekuja nyuma yako atalikuta zima.

Sasa bandarini. Jahazi likifika na magunia, makuli wanayashusha gatini: wanapakua. Likitaka kuondoka, wanalijaza shehena: wanapakia. Simu yako ndiyo gati. Mzigo ukitua kwako, umepakua. Ukitoka kwako kwenda kukaa kule, umepakia. Kwa hiyo "Pakia cheti" maana yake tovuti ndiyo iliyokuwa inakusubiri wewe. Ulitakiwa kukipiga picha cheti au kukiskani, kukihifadhi kwenye simu, kisha kubofya pale. Ukibofya, linafunguka dirisha lenye mafaili yako. Unagusa lile la cheti, unasubiri hadi jina lake litokee kwenye fomu. Lisipotokea, cheti bado kiko mkononi mwako.

Ukitaka kuyakumbuka bila kukariri, tazama mwisho wa neno. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ile inayolirudisha nyuma tendo lililokwisha fanyika, na alama yake ni -u- kabla ya irabu ya mwisho. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Nguo tunaanika asubuhi, mvua ikitishia tunaanua. Irabu ya mzizi ikiwa o, hiyo u nayo hugeuka o, ndiyo maana tunachomeka na kuchomoa. Pakia na pakua ni jozi ya namna hiyo hiyo: pakua hutoa kilichopakiwa. Na kauli hiyo ingali hai. Kwenye simu utakutana na "sanidi", kuiweka programu ili ifanye kazi, na "sanidua", kuiondoa. Sanidi asili yake ni Kiarabu, lakini imevishwa mwisho wa Kibantu na kila mtu anaelewa. Mimi hufurahi sana ninapoona lugha ikifanya kazi hivyo.

Chunga maumbo ya kutendwa, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza: fomu imepakuliwa, cheti kimepakiwa. Ile l huja kwa pakua. Na ukimwambia kijana wa steshenari "nipakulie fomu", umesema sawasawa kabisa, kama ambavyo ungesema "nipakulie wali".

Lakini kuna jambo ambalo si kosa lako. Simu nyingi zilizowekwa Kiswahili huandika "Inapakia..." wakati ukurasa unajifungua, na "Pakia upya" kwa kuufungua tena. Hapo hakuna chochote kinachotoka kwako kwenda kukaa mahali. Ukurasa ndio unaokuja. Neno moja limebebeshwa kazi mbili zinazopingana, na anayejifunza ndiye anayeumia. Ningependa sana watafsiri waandike "Inafunguka" na "Fungua upya". Mpaka watakapobadilisha, shika hivi: "inapakia" yenye nukta tatu au kiduara kinachozunguka ina maana ya subiri. "Pakia" iliyo kwenye kitufe, bila "upya", ina maana ya lete chako.

Kuhusu kutungiwa maneno: ni kweli yapo yaliyotungwa, na ilikuwa lazima. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyofanyikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya namna ile hukulazimisha kukipa kila kitufe jina. Baadhi ya majina ya kompyuta yameshika, mengine yamebaki vitabuni. Pakua limeshika kwa sababu lilikuwa letu tayari. Na mtaa nao una yake: vijana "hushusha" wimbo, "hutupia" picha Instagram, humwambia mwenzao "nirushie" wakimaanisha amtumie WhatsApp. Sina ugomvi nayo. Kushusha ni kupakua, kutupia ni kupakia ili watu waone. Kurusha ni kutuma, mzigo wenye jina la mtu mmoja juu yake au kikundi kimoja. Yote matatu yanakula bando, kwa hiyo ukipakia vyeti vitano usishangae MB kupungua kana kwamba ulikuwa unapakua.

Nywila na nenosiri ni kitu kimoja: herufi, tarakimu na alama unazozijua wewe peke yako za kufungulia akaunti. Kwa anayeanza napendelea nenosiri, maana linajieleza lenyewe. Ni neno, na ni siri. Tovuti moja inaweza kuyaandika yote mawili, usihangaike kutunga la pili. Ukiona "Thibitisha nywila", rudia lile lile uliloandika juu, herufi kubwa ikae palepale ilipokuwa.