Nimehamisha mashine pepe, hesabu za miezi minne hazimo

Swali: Nina mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) ya VirtualBox yenye Windows 10 na programu ya uhasibu. Nilinakili faili lake la .vdi, yaani diski yake, GB 38, kwenye kompyuta mpya, nikaunda mashine mpya na kuliunganisha. Imewaka vizuri, ila hesabu za miezi minne ya mwisho hazimo. Fundi anasema faili liliharibika njiani, anataka kutumia programu ya kurejesha data. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Faili lililoharibika njiani haliwashi Windows vizuri halafu likapoteza miezi minne tu, tena ya mwisho. Na programu za kurejesha hutafuta vilivyofutwa. Hapa hakuna kilichofutwa.

Kwenye kompyuta ya zamani, fungua folda ya mashine hiyo ndani ya VirtualBox VMs. Kando ya faili la .vbox, lenye mipangilio ya mashine, na lile la .vdi utaona folda iitwayo Snapshots, na ndani yake .vdi nyingine yenye jina refu la herufi na tarakimu. Tazama tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho. Hesabu zako zimo humo.

Kosa hili halichoki kujirudia, na chanzo chake ni imani kwamba .vdi ndiyo mashine nzima. Ukipiga snapshoti, yaani kuweka alama ya hali ya mashine ili uweze kuirudia, VirtualBox huacha kuandika kwenye faili kuu. Kila kinachobadilika kuanzia hapo huandikwa pembeni, kwenye faili la tofauti. Watu hudhani snapshoti ni nakala ya zamani iliyowekwa kando na faili kuu ndilo la leo. Ni kinyume kabisa. Ulichohamisha ni mashine yako ilivyokuwa siku ile ya snapshoti.

Hamisha upya. Kwenye kompyuta ya zamani, zima Windows ya ndani ya mashine pepe kwa amri ya shutdown /s /t 0. Usiiache katika hali iliyohifadhiwa, kwa sababu hali hiyo ina kumbukumbu za prosesa ya zamani na huenda isiamke kwenye nyingine. Kisha, kwenye menyu ya File, chagua Export Appliance. Utapata faili moja la .ova lenye hali ya leo, snapshoti zikiwa zimeunganishwa. Ukizitaka snapshoti zenyewe, nakili folda nzima, na kwenye kompyuta mpya tumia Add kulifungua faili la .vbox. VirtualBox ya huko isiwe toleo la zamani kuliko la huku.

Diski ya nje iwe exFAT au NTFS, maana FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kuhakikisha nakala ni sawa na ya awali, endesha amri ya certutil -hashfile jina_la_faili SHA256 pande zote mbili, ulinganishe majibu. Herufi zikitofautiana hata moja, nakili tena. Mashine ikikataa kuwaka kwa sababu ya mtandao, huenda adapta ya bridged, inayotumia kadi ya mtandao ya kompyuta yenyewe, bado inatafuta kadi ya kompyuta ya zamani. Chagua kadi iliyopo. Windows ikidai iamilishwe (activation) upya, usishtuke.

Sasa hao wenye njia za mkato. Kuna maelekezo yanayozunguka kwamba VirtualBox ikilalamika UUID (namba ya utambulisho wa diski) imejirudia, tumia sethduuid, amri ya kuibadilisha, na mambo yameisha. Kwa diski isiyo na snapshoti, sawa. Kwa diski mama, yaani faili kuu lenye snapshoti, kila faili la tofauti limeandika ndani yake UUID ya mama yake. Ukiibadilisha, watoto hawamtambui tena. Kuiwasha diski mama peke yake ndani ya mashine nyingine nako ni hatari, kwa kuwa Windows huandika tangu sekunde ya kwanza, na faili la tofauti hubaki limeegemea diski ambayo si ileile. Bahati yako uliwasha nakala. Ya awali haijaguswa.

Wengine huingia folda ya Snapshots na kufuta faili kwa mkono ili wapate nafasi. Kufuta snapshoti ndani ya VirtualBox huunganisha data, na kwa muda huhitaji nafasi zaidi ya diski. Kufuta faili lenyewe huondoa data.

Mashine ya zamani iache imezimwa, usiifute, mpaka ufunge hesabu za mwezi mzima kwenye mpya. Zisiwashwe zote mbili kwenye mtandao mmoja: zina jina moja, na pengine hata anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao.