Bidii Tunayo, Mtaji Unaliwa na Marejesho

Anayetaka kuwaona watu wenye bidii aje mwalo wa Igombe, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia. Atawakuta akina mama wameshafika na mabeseni yao, wengine na watoto mgongoni. Jua linapopanda wameshanunua na wameshaanika. Wengi nawafahamu tangu nilipoingia kwenye biashara hii, na wengi bado wanaishi kwenye chumba kilekile cha kupanga. Ndiyo maana mtu akisimama kutuambia maskini ni mvivu, huwa naumia kweli.

Sisemi bidii haina maana. Usipoamka, dagaa hupati. Lakini jasho huzaa mali pale tu faida inapobaki kwa aliyelitoa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja juhudi na maarifa pamoja kuwa masharti ya maendeleo. Siku hizi nasikia juhudi tu ikihubiriwa, na inahubiriwa kwa watu ambao hawajawahi kupungukiwa nayo.

Kinachotumaliza zaidi ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya harakaharaka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishamiri taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na mwalo unapoa. Kila mwezi ni hivyo, mwenye bidii na asiye na bidii wote wanakaa. Marejesho nayo ni ya kila wiki, mengine ya kila siku, wala hayajui mbalamwezi. Sasa mama aliyekopa anunue dagaa wa giza atalipa na nini wiki ambayo hakuna dagaa? Anakula mtaji. Mtaji ukiisha anakopa kwingine ili alipe kule, na giza likirudi anaamka alfajiri kumfanyia kazi mkopeshaji. Nimeshuhudia godoro likitolewa ndani ya nyumba ya mwanamke anayefanya kazi kuliko karibu kila mtu mtaani kwetu. Huyo utamwambia aongeze bidii ipi?

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujaweka sahihi au dole gumba, chukua kalenda uweke alama kwenye siku za mbalamwezi. Jiulize siku hizo utarejesha kwa hela ipi. Kama jibu ni "Mungu atajalia", usikope. Afadhali kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambacho ninyi wenyewe mnapanga siku ya kurejesha. Kwetu tulikubaliana marejesho yafuate giza, na ugomvi wa kudaiana umepungua sana. Hakikisheni pia mfuko wa jamii, ile hela ya kusaidiana kwenye shida, unakaa pembeni, maana homa ya mtoto mmoja inaweza kumeza mtaji wote.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Makaratasi ni mengi na inahitaji uvumilivu, lakini haitakunyang'anya godoro.

Jambo jingine ni kuanika. Dagaa wa kwenye mchanga na dagaa wa kwenye chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, hawauzwi bei moja. Wanunuzi wanaofika soko la samaki la Mwaloni Kirumba kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanachota kiganjani, wanaangalia mchanga, ndipo wanataja bei. Na mvua ikikukuta umeanika chini, mzigo unaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Chanja yenye turubai inaokoa mzigo bila kukuongezea hata saa moja ya kazi. Shida ni kwamba mpangaji hana pa kuisimika, na ufukwe si wake. Nendeni kama kikundi kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) wa mwalo wenu muombe eneo. Mtu mmoja akiomba peke yake huambiwa arudi kesho.

Na wewe uliye mbali, mwenye shangazi au dada anayehangaika huku mwaloni, usimtumie maneno ya kumtia moyo peke yake. Muulize anadaiwa na nani, riba ni kiasi gani, na marejesho ni siku gani. Kisha mtumie hela ya turubai kabla masika hayajaanza.