Wasomaji Wanauliza: Namba Kubwa Zinazoandikwa kwenye Betri

SWALI: Nimenunua pawabenki iliyoandikwa miliampea-saa 20,000, na betri ya simu yangu ni ya miliampea-saa 5,000. Nilitarajia kuijaza simu mara nne, lakini haifiki hata mara tatu. Je, nimeuziwa bidhaa bandia? Na je, ninaruhusiwa kusafiri nayo kwa ndege?

JIBU: Kwa maelezo uliyoyatoa, pawabenki yako inaelekea kuwa halali. Ulichofanyiwa ni jambo linalokaribiana na udanganyifu lakini linaloruhusiwa, yaani kuonyeshwa namba iliyo kubwa kuliko zote zilizopatikana. Miliampea-saa peke yake haielezi akiba ya umeme mpaka ujue ni ya volti ngapi, kama vile mtu anayejisifu kuwa na magunia ishirini ya nafaka asivyoeleweka mpaka ataje ukubwa wa gunia. Kipimo kinachofaa ni wati-saa, nacho hupatikana kwa kuzidisha ampea-saa kwa volti. Betri za ndani ya pawabenki huwa na wastani wa volti 3.7, kwa hiyo miliampea-saa 20,000 zako, yaani ampea-saa 20, ni sawa na wati-saa 74.

Umeme huo hauingii kwenye simu moja kwa moja. Hupandishwa kwanza hadi volti 5 au zaidi ili upite kwenye waya, kisha simu huushusha tena ili uifae betri yake, na kila hatua hupoteza sehemu kwa njia ya joto. Ndiyo maana vyombo vyote viwili hupata uvuguvugu. Ikiwa theluthi mbili zinafika, jambo ambalo ni la kawaida, utapata wati-saa zipatazo 49, nayo simu ya aina yako huhitaji kama 19 ili ijae. Hesabu inatoa mara mbili na nusu, sawasawa na unachokiona. Igeuze pawabenki usome maandishi madogo ya mgongoni, kwa sababu watengenezaji wengi huandika hapo kiasi kinachotoka kwa volti 5, ambacho ni kidogo sana kuliko kile cha usoni. Binafsi naona namba hiyo ndogo ndiyo iliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Bandia zipo, na mzani huzifichua upesi. Betri za lithiamu zinazouzwa kwa kawaida hubeba wati-saa zisizozidi sana 250 kwa kila kilo, hivyo pawabenki inayodai miliampea-saa 20,000 huku uzito wake haufiki gramu 200 inasema uongo, hata ikiwa na nembo inayong'aa namna gani.

Kuhusu ndege, kanuni inayofuatwa kwa kawaida ni kwamba pawabenki isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa ndani ya chumba cha abiria, iliyo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na hakuna inayoruhusiwa kwenye mizigo inayokabidhiwa. Sababu yake ni ya maana: betri ikiwaka karibu na watu huonekana na kushughulikiwa, ikiwaka kwenye shehena ni vigumu kufikiwa. Yako ya wati-saa 74 inapita, ingawa mashirika kadhaa yameongeza masharti kuhusu kuitumia angani, basi uliza kabla ya safari.

SWALI: Nataka kuacha gari na kwenda kazini kwa baiskeli ya umeme. Muuzaji anasema betri yake, ya volti 36 na ampea-saa 14, inanipeleka kilomita 80. Safari yangu ni kilomita 18 kwenda na 18 kurudi, na njiani pana mlima. Itanitosha?

JIBU: Kwa hesabu ile ile, betri hiyo ina wati-saa 504. Ili ifike kilomita 80 ni lazima itumie wati-saa 6.3 tu kwa kilomita, na hilo linawezekana kwa mwendeshaji mwepesi, kwenye tambarare, akiikanyaga kwelikweli na kuiachia mota kazi ndogo. Mtu wa kawaida anayesaidiwa na mota kwa wastani akadirie kama wati-saa 10, na penye mlima, mzigo au upepo wa mbele akadirie 15 au zaidi. Mwendo nao una gharama yake, kwani ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 25, hewa peke yake inakudai zaidi ya nusu juu ya ilivyokudai mwanzo.

Tuchukue wati-saa 12 kwa kilomita. Safari yako ya kilomita 36 itahitaji 432, nayo betri mpya inazo. Lakini betri hupungua kwa matumizi na umri, na ikifikia asilimia 80 ya uwezo wake itabaki na 403, ambazo hazitoshi. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo ikiwa unaweza kuchaji kazini, na hapana ikiwa huwezi.

Swali ambalo ningemuuliza muuzaji kabla ya lolote ni kama betri ya kubadilishia inauzwa peke yake, na kwa bei gani. Zipo baiskeli zinazokataa betri yoyote isiyo ya mtengenezaji wake, na siku akiacha kuitengeneza utabaki na fremu nzito. Ningechagua yenye masafa mafupi lakini betri inayopatikana kirahisi kuliko ile ya kilomita 80 za kwenye karatasi. Pia usiizoeze kukaa juani ikiwa imejaa pomoni. Joto na chaji kamili kwa pamoja huichakaza mapema.

SWALI: Nikiwa safarini ninaongozwa na ramani ya simu, na chaji huisha upesi. Rafiki yangu anadai simu huchoka kwa kurusha mawimbi hadi kwenye setilaiti. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, nayo simu hupokea tu mawimbi yake, yakiwa ya setilaiti nne au zaidi, na kukokotoa mahali ilipo. Kazi hiyo hula umeme kiasi, lakini walaji wakubwa ni kioo kinachowaka kwa mwanga wote na utafutaji wa mtandao pale ulipo hafifu. Pakua ramani kabla ya kuondoka, zima kioo na ufuate maelekezo ya sauti, na penye mtandao dhaifu weka simu katika hali ya ndege. Simu nyingi huendelea kupokea mawimbi ya setilaiti, ingawa utakosa habari za foleni. Ikiwa unaichaji garini, usiibandike penye jua kali nyuma ya kioo cha mbele, maana simu iliyopata joto jingi hupunguza au kusitisha kuchaji yenyewe. Iweke mbele ya tundu la kiyoyozi.