Fundi, msimbo haujaja

Shule zimefungwa na maswali ya wiki hii karibu yote ni ya jamii moja: gemu imewekwa upya kwenye simu au kompyuta, jina na nenosiri vimekubaliwa, kisha ukurasa unaandika "tumekutumia msimbo", na msimbo wenyewe hauonekani. Nimechagua machache yanayobeba mengi. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakisha.

Langoni, Lamu: *Fundi, salaam. Nimebadilisha simu na sasa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, inataka msimbo. Nimebonyeza "tuma tena" mpaka kidole kimechoka, na kwenye meseji hakuna kitu. Jana usiku niliona misimbo mitatu kwenye imeli, nikaijaribu yote, yote ikakataa.*

Wa alaikum salaam. Kidole hicho kipumzike kwanza. Karibu kila huduma hufuta msimbo wa zamani mara tu inapotoa mpya, kwa hiyo kila ulipobonyeza uliua ule uliokuwa njiani. Halafu ikichelewa, hufika kwa mkupuo na bila mpangilio, na ule wa juu kwenye orodha huenda usiwe wa mwisho kutolewa. Ukizidisha kuomba, akaunti hufungiwa kwa muda na hapo hutapata hata mmoja. Iache nusu saa, omba mara moja tu, na ukurasa ule usiufunge mpaka uingie.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Kila anayeniletea shida hii humuuliza jambo moja kabla sijashika simu yake: msimbo unatumwa wapi? Wengi hawana jibu, na ukurasa umeshawaambia. Usome vizuri. Utaona nyota nyingi na tarakimu mbili za mwisho za nambari ya simu, au herufi ya kwanza ya imeli, au maneno ya kukutaka ufungue programu. Njia ni hizo tatu: meseji, imeli, programu. Ukisubiri kwenye njia moja na msimbo umepita nyingine, utasubiri hadi shule zifunguliwe.

Steam yenyewe haikutumii msimbo wa kila siku wa kuingia kwa meseji. Unakuja kwa imeli, au unazaliwa ndani ya programu ya Steam kwenye simu: herufi na tarakimu tano zinazobadilika kila sekunde 30. Ikiwa simu yako ya zamani ilikuwa na programu hiyo, basi msimbo uko humo. Kama simu bado iko nyumbani, ichaji uifungue. Kama umeiuza, tafuta ule msimbo wa kurejesha uliopewa siku ulipoiunganisha, unaanza na herufi R. Huna? Kwenye ukurasa wa msaada chagua kwamba huna tena kithibitishaji, yaani ile programu inayotoa msimbo. Hapo Steam inaweza kutuma meseji kwenye nambari iliyosajiliwa ili kiondolewe. Usishangae baadaye ukiona vitu unavyobadilishana na wenzako vinashikiliwa mpaka siku 15. Ni ulinzi wao kwa akaunti isiyo na kithibitishaji, hujaadhibiwa.

Maweni, Malindi: *Mwanangu anacheza kwa nambari yangu. Meseji za M-Pesa zinaingia sekunde ile ile, lakini za gemu hazifiki. Laini yangu ina tatizo?*

Laini yako nzima kabisa, mama. Meseji ya M-Pesa inatoka hapa hapa nchini kwa kampuni ya laini yenyewe. Ya gemu inaanzia ng'ambo, inapitia kwa madalali wawili watatu wa meseji ndipo ifike kwa kampuni yako, na mara nyingi mtumaji huonekana kwa jina badala ya nambari. Meseji ya sura hiyo hushukiwa njiani na hushukiwa tena ndani ya simu.

Anzia ndani ya simu. Kwenye programu ya meseji ya Google kuna sehemu ya taka na zilizozuiwa, ifungue. Kama umeweka Truecaller, nayo ina fungu lake la taka. Kwenye iPhone angalia orodha ya watumaji wasiojulikana. Kisha jikumbushe: uliwahi kuomba matangazo yote yazimwe kwenye laini yako? Ombi hilo linaweza kubeba na meseji za huduma. Wapigie wahudumu wa laini, waulize kama meseji za aina hiyo zimezuiwa.

Halafu mwite mtoto, muangalie pamoja nambari aliyoiandika. Fomu za nje zinataka +254 kisha tarakimu tisa, ile sifuri ya mwanzo inaondoka. Nimeona nyingi zilizoandikwa +2540, na meseji inakwenda kusikojulikana. Wenye laini zinazoanza na 01 wana mtihani wa ziada: ziko fomu ambazo bado hazizitambui na zinadai nambari si sahihi. Hapo tumia laini ya 07 au uchague imeli.

Mkomani, Lamu: *Nyumbani tuna Wi-Fi nzuri, gemu inafunguka bila shida, lakini msimbo wa meseji hauingii mpaka nitoke nje. Kwa nini?*

Kwa sababu Wi-Fi na laini ni mambo mawili. Gemu inapita kwenye Wi-Fi. Meseji inasubiri mawimbi ya laini. Na nyumba zetu za Amu, za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta nene zile zinazotutunzia ubaridi mwezi wa pili, hazina huruma na mawimbi. Panda juu, au toka barazani, washa hali ya ndegeni kwa sekunde chache kisha izime ili simu ijiandikishe upya kwa mnara. Kama unatumia laini mbili, hakikisha ile uliyoisajili ndiyo iliyo ndani na imewashwa. Inachekesha ila hutokea sana.

Lakini mimi ningekushauri uachane na meseji. Weka programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator, kwenye akaunti zinazoikubali: Epic Games, PlayStation, EA na nyingine nyingi. Watu huiogopa wakidhani inakula bando. Haili chochote. Siku unapoiunganisha, unapiga picha ule mraba wenye vitone vyeusi, na ndani yake mna siri moja ndefu ambayo simu yako na mtambo wa gemu wanaihifadhi kila mmoja kwake. Kuanzia hapo hawana haja ya kuandikiana. Kila mmoja anachukua siri ile, anaichanganya na saa ya wakati huo, anapiga hesabu ile ile, na wote wanapata tarakimu sita zile zile. Baada ya sekunde 30 wanapiga nyingine. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 2011 na iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana programu ya kampuni moja inafanya kazi na gemu ya kampuni nyingine. Nahodha aliye katikati ya bahari kuelekea Kiunga, bila mnara hata mmoja, simu yake itatoa msimbo sahihi. Kama ana intaneti ya kuchezea gemu huko ni swali jingine.

Hasara yake ni moja nayo si ndogo: simu ikitumbukia majini pale gatini, na hukuwa na akiba, siri imezama nayo. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kuunganisha, nakili kwenye karatasi misimbo ya akiba unayopewa na gemu. Kwenye picha ndani ya simu ile ile haikusaidii.

Kisumu Ndogo, Malindi: *Nina hiyo programu. Inatoa namba vizuri, gemu inasema si sahihi. Nimeondoa nikarudisha gemu, bado.*

Gemu haina kosa. Tazama saa ya simu. Nimesema hapo juu kwamba hesabu inatumia wakati. Simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, inapiga hesabu ya wakati mwingine. Vijana najua mnachofanya: maisha yameisha kwenye gemu ya kupanga peremende, mnasogeza saa mbele ili yajae. Peremende zinapatikana, msimbo unaharibika.

Na kwa wakubwa wetu, wapo wanaorudisha simu nyuma saa sita ili iwasomee saa za Kiswahili. Saa ya ukutani fanyeni hivyo, ya simu iacheni. Nenda kwenye mipangilio, chagua tarehe na saa zijiweke zenyewe. Ukanda wa saa haudhuru hesabu, kwani simu inahesabu kwa saa ya dunia kisha inakuonyesha ya Nairobi. Kinachodhuru ni kuzungusha saa kwa mkono. Ukisharekebisha, jaribu msimbo mpya, na kama umebakisha sekunde tatu usianze kuuandika, subiri unaofuata.

Watamu: *Akaunti yangu ya gemu iko kwenye Gmail niliyofunguliwa saiba nikiwa shule. Nenosiri silijui. Nifanyeje?*

Swali hili nalipata kila mwezi, na hao jamaa wa saiba walikuwa wakiandika nenosiri moja kwa mji mzima, lijaribu hilo kwanza. Sitanii.

Likikataa, fungua ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti ukitumia simu au kompyuta uliyowahi kuingilia, ukiwa mahali ulipozoea kuwa. Google inavipima hivyo viwili. Jibu kila swali hata kwa kubahatisha kuliko kuruka. Kama kulikuwa na nambari ya simu ya mzazi, mtafute mzazi.

Ukifanikiwa kuingia na bado msimbo wa gemu huuoni, tazama vichupo vya matangazo na taka, kisha tazama nafasi. Gmail ya bure inagawana GB 15 na picha zako na faili zako. Zikijaa, barua mpya haziingii, zinarudishwa zilikotoka, na wewe hupati habari yoyote ya barua iliyorudi. Futa video za harusi, au zihamishe, kisha omba msimbo tena.

Jambo moja gumu: tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka miwili bila kutumika. Ikiwa yako imeondoka, huwezi kufungua nyingine kwa anwani ile ile. Hapo hubakiwi ila kuwaandikia wenye gemu, na uthibitisho wa kukusaidia ni risiti za manunuzi. Aliyecheza bure miaka yote hana risiti.

Barani, Malindi: *Nilinunua akaunti ya Free Fire yenye skini kali. Sasa inataka kuingia kwa Facebook ya aliyeniuzia, naye hashiki simu.*

Umepoteza pesa, ndugu yangu. Akaunti ni ya mwenye Facebook ile, sheria za gemu zinakataza kuuziana, na ukiwaandikia wahusika utakuwa umejishtaki mwenyewe.

Muscat, mwenyeji wa Pate: *Ami, niko kazini Oman. Laini yangu ya Kenya iko kwa mama, nayo ndiyo inayopokea misimbo yangu ya PlayStation.*

Mwanangu, leo fanya hivi. Mpigie mama kwanza, laini iwe mkononi mwake imewashwa na ina mtandao, ndipo uombe msimbo akusomee. Msimbo unaishi dakika chache tu. Ukiomba kabla ya kupiga, msimbo utakufa mkisalimiana, na salamu za Pate tunazijua. Umwambie pia: asimsomee msimbo mtu yeyote anayempigia yeye, hata akijiita mwanawe. Wewe ndiye utakayempigia, kwa nambari anayoijua.

Ukishaingia, badilisha nambari iwe ya Oman, au bora zaidi hamia kwenye programu. Usingoje. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine, na misimbo yako itakuwa inaingia kwa mgeni.

Shela, Lamu: *Mimi shida yangu ni kinyume. Napata misimbo ambayo sikuomba.*

Aidha mtu amekosea nambari, au nambari yako ilikuwa ya mwingine zamani, au kuna anayelijua nenosiri lako na amekwama mlangoni. Chukulia ni hilo la tatu. Badilisha nenosiri kwa kuingia mwenyewe kwenye tovuti au programu ya gemu, usibonyeze kiungo kilichomo kwenye meseji. Akikupigia mtu akidai ni mhudumu na anataka umsomee ile namba, kata simu. Meseji za utapeli, wenye Safaricom wazipeleke 333, haitozwi. Na wapige *100*100# ili laini yao isibadilishwe na mtu mwingine kwa wakala. Atakayeiba laini yako ameiba kila msimbo unaopita humo, na gemu itakuwa ndogo kuliko vyote alivyochukua.

Mambrui: *Nikutumie jina na nenosiri uniingilie?*

Hapana. Nitumie jina la gemu, njia inayotumika kutuma msimbo, na maneno ya kosa yanavyosomeka kwenye skrini, neno kwa neno. Nenosiri baki nalo.